Jinsi ya kununua fleti ya chumba kimoja kwenye jengo la kabla ya vita New York, kwa mtu wa mshahara

Ukimwambia mtu unataka kununua nyumba New York anacheka, anajua hiyo ni habari ya wenye mamilioni, na ukiangalia yale maghorofa ya vioo ya Manhattan kweli huna cha kubisha. Ila kuna majengo mengine kabisa ambayo hayapigiwi debe sana, ya matofali, ghorofa sita hivi, yalijengwa miaka ya 1920 na 1930 kabla ya vita ya pili ya dunia, yamejaa Bronx, Queens, kule juu kabisa Manhattan na katikati ya Brooklyn, na ndani yake kuna fleti za chumba kimoja cha kulala zenye kuta nene, dari ya juu na sakafu ya mbao, na nyingi zinauzwa chini ya dola 400,000, sehemu nyingine hata chini ya 300,000. Sio bei ya mchezo, najua, lakini kwa nesi, mwalimu au dereva wa MTA (shirika la mabasi na treni), hasa mkiwa wawili mnaofanya kazi, inafikika. Ugumu hauko kwenye bei sana. Nyingi ya hizi fleti ni ko-opu, na ko-opu ina taratibu zake ambazo usipozielewa mapema utapoteza miezi na hela ya wakili bure.

Ukinunua ko-opu hununui kuta wala sakafu. Unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo zima, alafu kwa kuwa una hisa, kampuni inakupa mkataba wa kukaa kwenye fleti fulani. Fleti kubwa ina hisa nyingi, ndogo ina chache, ya juu mara nyingi inaizidi ya chini. Kila mwezi unalipa mentenansi kwa hesabu ya hisa zako, tuseme una hisa 250 na bodi imepanga dola 3.60 kwa hisa, hiyo ni 900 kwa mwezi. Ndani ya hiyo 900 kuna kodi ya jengo inayoenda jijini, gesi au mafuta ya boila, maji, mshahara wa supa anayetunza jengo, bima, na marejesho ya mkopo ambao kampuni yenyewe inadaiwa. Umeme wako unajilipia. Mambo yote yanaamuliwa na bodi, yaani majirani zako waliochaguliwa na wenye hisa, na ni bodi hiyo hiyo itakayoamua wewe uingie au usiingie.

Hii ya kununua hisa ina uzuri wake mmoja ambao madalali hawausemi vya kutosha. Kwa kuwa kisheria hujanunua ardhi, ukikopa benki hulipi ile kodi ya kusajili mkopo, ambayo kwenye kondominiamu (ambako unamiliki fleti yenyewe, sio hisa) ni asilimia 1.8 ya mkopo ukiwa chini ya dola 500,000 na 1.925 ukifika hapo au kuzidi. Bima ya hati nayo huihitaji, wakili anachunguza tu kama muuzaji au jengo lina madeni yaliyosajiliwa. Kwa mtu anayehesabu kila dola hizo ni elfu kadhaa zimebaki mfukoni.

Piga hesabu kabla hujaanza kuangalia picha

Chukua fleti ya dola 320,000. Bodi nyingi zinataka utoe kianzio cha asilimia 20, zipo za 25 na 30, na zipo za 50 ambazo wewe pita tu usipoteze muda. Asilimia 20 ni 64,000, unakopa 256,000, na kwa riba ya asilimia 6.5 ya miaka 30 marejesho ni kama dola 1,618 kwa mwezi. Weka na mentenansi ya 900, jumla 2,518. Sasa bodi inakuja na kipimo chake, nyingi hazitaki gharama ya nyumba pamoja na madeni yako mengine izidi robo au chini kidogo ya theluthi ya kipato chako kabla ya kodi, tuseme asilimia 28, maana yake unatakiwa kuingiza karibu dola 9,000 kwa mwezi, 108,000 kwa mwaka, na hapo huna mkopo wa gari wala wa chuo. Mkiwa wawili mnahesabiwa wote.

Haijaisha. Bodi inataka kuona kwamba baada ya kulipa kila kitu bado una hela benki za kulipia marejesho na mentenansi mwaka mzima, nyingine miaka miwili. Kwa mfano wetu mwaka mmoja ni kama 30,000. Ongeza wakili, dola 2,000 hadi 4,000, ada za benki, mthamini, ada ya maombi ya bodi, dipoziti ya siku ya kuhamia, unakuta mtu aliyedhani anahitaji 64,000 kumbe anahitaji kama laki moja. Hapa ndo wengi wanaangukia, benki imewakubalia mkopo, wamefurahi, wanafika kwa bodi wanaambiwa hapana, kwa sababu masharti ya benki na masharti ya bodi ni vitu viwili tofauti na ya bodi huwa makali zaidi. Kwa hiyo kabla hujaenda kuona fleti yoyote muulize dalali wa muuzaji maswali matatu: kianzio cha chini ni asilimia ngapi, wanaruhusu deni kwa kipato kiasi gani, na wanataka akiba ya miezi mingapi baada ya kununua. Hela za kustaafu za 401(k) bodi nyingine zinazihesabu nusu nusu, nyingine hazizitazami kabisa, uliza na hilo.

Kama kianzio ndo kinakukwamisha, jiji kupitia idara yake ya nyumba, HPD, lina mpango unaoitwa HomeFirst wa wanaonunua mara ya kwanza, unaweza kusaidiwa hadi dola 100,000 za kianzio na gharama za kufunga, na ko-opu zimo. Kuna ukomo wa kipato kulingana na ukubwa wa familia, lazima umalize kozi ya wanunuzi, na lazima uishi humo miaka mingi, 10 au 15 kutegemea kiasi ulichopewa, vinginevyo unarudisha. Shida ni kwamba sio kila bodi inakubali mnunuzi mwenye msaada wa namna hiyo, kwa hiyo ni swali la nne kwa dalali.

Na kitu cha mwisho kwenye hesabu, hiki ni muhimu kuliko vyote, usiangalie bei peke yake. Utakuta fleti mbili zinafanana, moja dola 250,000 yenye mentenansi ya 1,300, nyingine 330,000 yenye mentenansi ya 800, na mtu anakimbilia ya kwanza. Ile tofauti ya dola 500 kila mwezi kwa riba ya asilimia 6.5 inatosha kulipia mkopo wa kama dola 79,000, yaani kwa mwezi karibu zinalingana. Ila mkopo wako marejesho yake hayapandi na siku moja utaisha, mentenansi inapanda karibu kila mwaka na haiishi hadi uuze. Fleti ya bei chee yenye mentenansi kubwa ndo mtego namba moja wa mji huu, na mara nyingi nyuma yake kuna sababu, ama jengo lina deni kubwa, ama liko kwenye ardhi ya kukodi. Hilo la ardhi ya kukodi, mimi nasema achana nalo kabisa, kampuni haimiliki kiwanja, mwenye kiwanja akipandisha kodi mkataba ukifika mwisho wa kipindi ni nyie wenye hisa mnaolipa.

Wapi pa kutafuta

Bronx anza na Grand Concourse. Barabara yenyewe ilifunguliwa 1909, treni ya chini ikaja 1933, na miaka hiyo hiyo ya 1930 wakajenga majengo ya Art Deco moja baada ya jingine, yana madirisha ya kona, kumbi za kuingilia zenye marumaru na michoro, na ndani sebule nyingine unashuka ngazi mbili tatu kuingia. Kwa ukubwa unaopata na hela unayotoa, sijui mtaa mwingine wa jiji hili wenye usafiri wa namna hiyo, treni B, D na 4 zote ziko karibu, unaoupita. Baadhi ya sehemu iko kwenye eneo la kihistoria tangu 2011, maana yake bodi haiwezi kubadili madirisha au ukuta wa nje bila kibali cha tume ya jiji ya majengo ya kihistoria, jambo zuri kwa macho ila linaongeza gharama za matengenezo.

Queens ni Jackson Heights. Pale kampuni iitwayo Queensboro Corporation ilijenga kuanzia miaka ya 1910 majengo yanayozunguka bustani kubwa ya ndani ambayo ukipita barabarani huioni, na fleti yenye dirisha la bustani ni kimya utadhani hauko mjini. Enzi hizo kampuni hiyo ilikataa waziwazi kuwauzia Wayahudi na watu weusi. Leo mtaa huo una watu wa kila taifa unalolijua, na stesheni ya Roosevelt Avenue inakupa treni E, F, M, R na 7 mahali pamoja. Bei imepanda lakini chumba kimoja bado utakipata kwa hela ya wastani, hasa kwenye majengo yasiyo na bustani maarufu. Kew Gardens na Forest Hills nako kuna majengo ya umri huo, mbali kidogo ila kuna treni ya LIRR (Long Island Rail Road) ukitaka kuwahi.

Manhattan panda treni A mpaka Washington Heights na Inwood. Magharibi ya Broadway, upande wa mto Hudson, ni ghali zaidi, mashariki ni nafuu. Brooklyn tafuta Flatbush, Kensington na Bay Ridge, pale Ocean Avenue na Ocean Parkway majengo ya kabla ya vita yamepangana.

Alafu kuna ko-opu za HDFC (Housing Development Fund Corporation), za watu wa kipato kidogo, ambazo utaona bei yake uulize kama wamekosea kuandika. Historia yake ni hivi, miaka ya 1970 na 1980 wenye majengo waliyatelekeza kwa madeni ya kodi, jiji likayachukua, na baadae likawauzia wapangaji waliokuwemo kwa dola 250 kila fleti. Mpaka leo zina ukomo wa kipato, ukizidi hununui. Lakini benki nyingi hazipendi kukopesha kwenye majengo hayo kwa hiyo wauzaji wanataka keshi, na hapo ndo kituko, wanatafuta mtu mwenye mshahara mdogo na hela nyingi benki. Wanaofaidika ni wastaafu na vijana wenye wazazi wenye uwezo. Kama una keshi na kipato kinakubali, angalia, ila chunguza tozo ya kuuza, kwenye HDFC inaweza kula asilimia 30 ya faida au bei siku utakapotoka, na chunguza msamaha wao wa kodi ya jengo ambao kwa majengo mengi unaisha 2029.

Ukiingia kuangalia fleti

Picha zinapigwa na kamera inayofanya chumba kionekane uwanja wa mpira, kwa hiyo beba futi kamba. Chumba cha kulala cha kabla ya vita kwa kawaida kinaingiza kitanda kikubwa na bado unapita pande zote mbili, na kuna kile kiukumbi cha kuingilia ambacho watu wanakigeuza sehemu ya kulia chakula au dawati la kazi, hicho ni nafasi ya bure ambayo majengo mapya hayana. Angalia dirisha linatazama wapi. Linalotazama kiuwazi chembamba cha katikati ya majengo litakupa giza mchana kweupe, ila bei yake huwa chini, kama uko kazini mchana kutwa na unarudi usiku huenda isikusumbue.

Fungua maji ya bafuni na jikoni kwa pamoja uone presha, yaache yatiririke, yakitoka na rangi ya kutu mabomba ni ya zamani. Tazama dari na pembe za kuta, plasta iliyovimba au kupakwa rangi sehemu moja tu ni maji yamepita hapo, na fleti ya ghorofa ya mwisho chini ya paa uitazame mara mbili. Fungua boksi la umeme, ukikuta fyuzi za kuzungusha badala ya breka, au umeme unaoingia ni kidogo, ujue huwezi kuwasha viyoyozi viwili na maikrowevu pamoja, na kuongeza umeme kunaweza kuhitaji jengo zima lishughulikiwe. Hesabu soketi, watu wa 1928 hawakuwa na chaji za simu. Rangi yenye madini ya risasi (lead) chukulia ipo, jiji lilipiga marufuku 1960 na jengo lako lina umri zaidi, kwa mwenye watoto wadogo hilo sio la kudharau, omba karatasi za vipimo na uangalie fremu za madirisha na milango kama rangi inabanduka.

Joto la majengo haya ni la mvuke, boila liko chini na wewe hulidhibiti. Msimu wa joto kisheria ni kuanzia 1 Oktoba mpaka 31 Mei, na fleti nyingi zinakuwa na joto kupita kiasi, usishangae kuona madirisha wazi mwezi wa Januari. Rediata kugonga gonga usiku ni kawaida. Kufulia ni chini, mashine yako mwenyewe ndani ya fleti kwa kawaida hairuhusiwi kwa sababu ya mabomba. Kabla hujatoa ofa rudi tena usiku, na ikiwezekana siku ya mvua, kisha ukae kimya dakika kumi umsikilize jirani wa juu. Ukikutana na supa msalimie na umpe muda, supa anajua jengo kuliko bodi, muulize tu boila lina umri gani na lifti inaharibika mara ngapi.

Lakini fleti ni robo ya kazi, jengo ndo robo tatu

Jiko baya utalirekebisha taratibu ukipata hela. Kampuni yenye mahesabu mabovu huwezi kuirekebisha peke yako. Kwa hiyo omba hesabu za jengo zilizokaguliwa za miaka miwili mitatu, na uanze na hela ya akiba. Jengo la fleti 60 lenye akiba ya dola 40,000 halina akiba, boila likifa tu hela yote imeisha na mnachangishwa, mnapewa mchango wa dharura juu ya mentenansi kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Kisha mkopo wa jengo, unadaiwa kiasi gani na unaiva lini, kwa sababu mikopo hii mara nyingi ni ya miaka kama 10 na haimalizwi, ikiiva inakopwa upya kwa riba ya siku hiyo. Jengo lililokopa 2016 kwa riba ndogo likija kukopa tena kwa riba mara mbili yake, mentenansi itapanda hata kama hakuna msumari mpya uliogongwa.

Angalia ni fleti ngapi wenye hisa wanakaa wenyewe na ngapi bado ni za sponsa, yaani yule mwenye jengo wa zamani aliyeligeuza kuwa ko-opu, wengi waligeuza miaka ya 1980 na wengine bado wanashikilia fleti zenye wapangaji. Zikiwa za sponsa ni nyingi sana, benki zinasita kukopesha humo, na siku ukiuza wewe mnunuzi wako atapata shida ile ile. Upande wa pili, ukinunua fleti moja kwa moja kwa sponsa mara nyingi hupiti kwa bodi kabisa na kianzio kinaweza kuwa kidogo, kwa mtu ambaye faili lake ni gumu kueleweka hiyo ni njia nzuri sana na watu wanaisahau.

Halafu kuna sheria za jiji zinazokula hela za majengo ya zamani. Mwaka 1979 kipande cha ukuta kilianguka na kumuua mwanafunzi wa chuo cha Barnard, mwaka uliofuata jiji likatunga sheria ya ukaguzi wa kuta za nje, ikakazwa 1998, ndo hiyo wanaiita Local Law 11, kila miaka mitano jengo linalozidi ghorofa sita lazima likaguliwe na kurekebishwa. Yale mabanda ya mbao na vyuma unayopita chini yake kila mahali yametoka hapo. Sasa angalia tena yale majengo ya ghorofa sita niliyokutajia, mengi yako chini ya kipimo, hayabebi mzigo huo wa kila miaka mitano, na mimi kwa mtu wa bajeti ndogo ningeyapa kipaumbele kwa sababu hiyo tu. Ya pili ni Local Law 97 ya 2019 ya hewa chafu, inagusa majengo yanayozidi futi za mraba 25,000, ukizidisha kiwango faini ni dola 268 kwa kila tani ya kaboni iliyozidi, kila mwaka na viwango vinakaza 2030. Jengo linalochoma mafuta mazito ya boila liulize lina mpango gani, jibu la "tunalifikiria" sio mpango.

Kama unadhani natia chumvi, tafuta habari za Castle Village kule Washington Heights, majengo mazuri ya 1939 yanayotazama Hudson. Mwezi Mei 2005 ukuta mkubwa wa mawe unaoshikilia kiwanja chao uliporomoka ukafunika sehemu ya barabara kuu ya chini yake, na kuujenga upya kukagharimu mamilioni ambayo wenye hisa walilazimika kuyachangia. Hakuna aliyenunua fleti pale akiangalia ukuta wa bustani.

Vitu vingi unaweza kuvichungulia mwenyewe bure. Mtandao wa HPD unaonyesha makosa ya jengo na malalamiko ya joto na panya, wa idara ya ujenzi unaonyesha vibali na faini, na ACRIS, mtandao wa jiji wa kumbukumbu za mauzo ya nyumba, unaonyesha fleti za jengo hilo zimeuzwa bei gani, hapo utajua muuzaji anaota au yuko duniani.

Ofa, wakili, mkataba

Ofa ya mdomo au ya barua pepe haimfungi mtu New York, mpaka mkataba usainiwe na pande zote mtu mwingine anaweza kukupiku, kwa hiyo ukikubaliwa wakili awe ameshajulikana siku hiyo hiyo. Chukua wakili wa ko-opu za New York, sio ndugu anayeshughulikia viza. Kazi yake kubwa ni kwenda kusoma kumbukumbu za vikao vya bodi za miaka michache nyuma, humo ndo yamo yote, maji yanayovuja ghorofa ya nne, kesi na mkandarasi, mazungumzo ya kupandisha mentenansi. Ukisaini unaweka asilimia 10 ya bei kwenye akaunti ya amana ya wakili wa muuzaji. Hakikisha mkataba una kipengele cha kurudishiwa hela yako benki ikikataa mkopo, na cha bodi kukukataa, kile cha bodi huwemo kwenye mikataba ya kawaida lakini soma.

Dalali wako atataka msaini makubaliano ya maandishi kwanza, humo imeandikwa nani anamlipa na kiasi gani, na hicho kiasi kinajadilika.

Faili la bodi

Hili faili linaweza kufika kurasa mia na zaidi. Ritani za kodi za miaka miwili mitatu, steitimenti za benki zote, barua ya mwajiri, barua ya mwenye nyumba unakopanga, barua za marafiki na wafanyakazi wenza wanaokufahamu, na fomu moja kubwa ya mali na madeni ambayo kila namba yake lazima ilingane na steitimenti. Isipolingana hata kwa dola mia wanauliza.

Hapa sisi tuna mambo yetu. Kama hela ya upatu au chama imeingia akaunti ghafla, dola 15,000 siku moja, bodi na benki watataka kujua imetoka wapi, na "ni zamu yangu" hawaielewi. Njia rahisi ni kuiacha ikae miezi kadhaa kabla hujaomba, huku una karatasi za michango yako ya nyuma. Msaada wa ndugu andikiwa barua kwamba ni zawadi na haidaiwi. Na ile hela unayotuma nyumbani kila mwezi, usiifiche, inaonekana kwenye steitimenti, andika mstari mmoja wa maelezo uiweke kwenye bajeti yako, mtu anayetuma dola 400 kwa mama yake kila mwezi bila kukosa na bado ana akiba anaonekana ni mtu wa kuaminika.

Bodi inaweza kukukataa bila kutoa sababu. Haiwezi kukukataa kwa rangi, taifa ulikotoka, dini, watoto, wala hadhi yako ya uhamiaji, sheria ya haki za binadamu ya jiji inakataza, na tume ya jiji ya haki za binadamu inapokea malalamiko.

Ukiitwa intavyuu ni dalili nzuri, wengi wanaofika hapo wanapita. Vaa vizuri, jibu ulichoulizwa, usianze kusimulia mipango ya kuvunja kuta, usiulize kuhusu kupangisha fleti, hayo ulitakiwa kuyasoma kwenye sheria za jengo kabla. Maswali yako yote yawe yameshaisha kwa wakili. Inachosha kukaa mbele ya majirani watarajiwa wakiwa na mshahara wako kwenye makaratasi mkononi, lakini ni nusu saa tu.

Kutoka mkataba mpaka kukabidhiwa hesabu miezi miwili mitatu. Siku yenyewe unasaini, cheti cha hisa kinaenda benki kama dhamana, wewe unapewa funguo. Kata bima ya mwenye ko-opu kabla ya siku hiyo. Weka nafasi ya lifti ya kuhamia mapema, majengo mengi yanaruhusu siku za kazi tu na mwisho saa kumi jioni. Na muulize meneja wa jengo kama jina lako limepelekwa jijini kwa ajili ya punguzo la kodi la wanaoishi kwenye fleti zao wenyewe, ni asilimia 17.5 hadi 28.1 ya kodi ya fleti kutegemea thamani, linaombwa na jengo na sio wewe, na yule meneja asipojaza fomu mwezi wa Februari utasubiri mwaka mwingine.